Jibu Lako Lilikuwa Hamsini

Kwako Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichokipata kwa vumbi la ghalani kimekuachia. Sisi huku tunapumua. Mama hajambo, ila mguu unamsumbua asubuhi, na akishakaa kwenye cherehani anausahau mpaka atakapotaka kuinuka. Paka wako amezaa tena, safari hii ndani ya kabati la vitambaa, na mama ameapa kuwatupa wote, lakini jana nimemkuta akiwakatia kipande cha flaneli cha kulalia. Baba naye hajambo. Nitamfikia.

Kwanza nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Fizikia sikuichagua mimi. Wote mnadhani niliipenda kwa sababu naonekana na kitabu kila saa, lakini vitabu vyangu unavijua, ni vya hadithi na historia. Ile jioni ya kuchagua masomo ya kidato cha tano, baba aliingia chumbani akakaa kwenye kitanda chako, kilichokuwa kimebaki godoro tupu tangu uondoke. Akasema kwamba nyumba ya mwalimu wa fizikia haiwezi kuwa na aibu mbili. Hakufoka. Alikuwa akilibonyeza godoro kwa kidole, kama mtu anayepima ulaini wake. Nikasema sawa, baba. Unanijua, mimi nikiulizwa kitu nasema sawa kwanza, halafu nafikiri baadaye nikiwa peke yangu.

Basi nikaziba pengo lako. Darasani tuko tisa tu. Mwaka huu mkuu wa shule akasema kwamba kozi ya fizikia itafungwa kama baba hataleta mpango mpya wa miaka miwili, unaoonyesha kitu gani kitafundishwa wiki gani, kwa vifaa gani, na wanafunzi wanaobaki nyuma watasaidiwa vipi. Baba aliipokea habari hiyo kama mtu aliyeambiwa nyumba yake inapimwa ili ibomolewe. Kwa kuwa mwandiko wake ni kama kuku amepita kwenye unga, na mimi nina mwandiko wa kusomeka, akaniweka kuwa karani wake. Kila siku baada ya masomo tulikaa maabara, yeye akitembea huku na huku akisema, mimi nikiandika.

Nitakuambia ukweli, Kaka, hata kama utakuuma. Nilifurahi. Sikujua kwamba baba ni mwalimu hodari kiasi kile. Kila mada aliianza na kitu cha kushika. Alinikataza kuandika kanuni yoyote kabla sijaandika mtoto atashika nini mkononi. Kwa joto tuliandika kijiko ndani ya chai. Kwa mawimbi, kamba ya kuanikia nguo. Alisema kanuni isiyotanguliwa na kitu ni sawa na jina la mtu usiyewahi kumwona. Na kwa wale wanaobaki nyuma aliniambia niwafundishe mimi mwenyewe Jumamosi, kwa sababu mtoto husikia zaidi kwa mwenzake. Mimi! Siku ya kwanza sauti ilinikauka, nikageukia ubao nikaandika nusu saa nzima bila kumtazama mtu. Baba akanifundisha kwamba ukiuliza swali, nyamaza, na usiogope ukimya, ukimya ndio unaofanya kazi.

Wanaokuja Jumamosi ni watano, akiwemo yule msichana tuliyempa jina la Bibi Swali. Wiki ya pili nilipomaliza kueleza kwamba dunia huvuta vitu vyote kwa kasi sawa, alinyoosha mkono akauliza, kama ni hivyo, mbona alama zake ndizo zinazoanguka kwa kasi kuliko za wenzake? Tulicheka mpaka Mzee Funguo akachungulia kutoka stoo kuona kama kuna kilichovunjika. Yeye bado ndiye mtunza maabara, na bado anatembea na ule mkungu wa funguo ambao nusu yake hazina tena milango.

Kwa hiyo nilikuwa nimeanza kuipenda fizikia ya watu. Kitu kimoja tu kilinikera. Baba hakuweza kupitisha juma bila kukutaja, na kila akikutaja alikuwa akikufanyia mzaha. Akiniona nimesoma rula kwa upande, alisema, soma sawasawa, usije ukaishia kupimia watu misumari dukani kama kaka yako. Siku moja aliyasema hayo mbele ya darasa zima, kwamba mwanawe wa kwanza alishindwa kupima springi, basi dunia ikampa kazi ya mizani. Walicheka. Na mimi niliinamisha kichwa nikajifanya natafuta kifutio.

Tukafika kwenye mada ya springi.

Unaikumbuka ile jioni ya mtihani wako wa vitendo kuliko ninavyoikumbuka mimi, lakini acha niiseme kama nilivyoiona. Ulirudi nyumbani ukiwa mchangamfu, ukaegemea mlango wa jikoni ukamwambia mama kwamba swali lilikuwa jepesi: kutundika mawe ya mizani kwenye springi, kupima imevutika kiasi gani, na kutafuta ugumu wake. Ulisema kila gramu mia ilivuta sentimita mbili, na jibu lako lilikuwa hamsini. Baba alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini. Akasema jibu ni ishirini na tano, kwamba gramu mia huvuta sentimita nne, na kwamba watahiniwa wote kumi na mmoja waliobaki wamepata hivyo. Wewe ukabisha, ukasema umepima mara tatu. Akasema mjinga hupima mara tatu kosa lilelile. Mimi nilikuwa namenya viazi, na niliendelea kumenya.

Matokeo yalipotoka ulikuwa umekosa daraja moja tu ili uende kusomea uhandisi, na ripoti ya wasahihishaji ikasema kwamba mtahiniwa mmoja wa shule hii alitoa jibu mara mbili ya lile la mwalimu. Baba aliisoma ripoti hiyo kwa sauti katika ofisi ya walimu. Siku ya tatu yake ukaondoka na begi la mama la safari.

Sasa sikia. Tulipofika kwenye springi, baba alinituma nilifanye lile jaribio kwanza kabla hatujaliweka kwenye mpango. Alitaka kujua linachukua muda gani. Mzee Funguo akanitolea boksi, lile lile la kijani, lenye karatasi ya kiwandani iliyobandikwa mbele: ugumu, ishirini na tano. Nikatundika gramu mia. Springi ikashuka sentimita mbili. Nikaongeza mia nyingine, ikafika nne. Nikabadili springi, mambo yale yale. Nikabadili rula. Nikaketi. Nilidhani, Kaka, labda ni kweli kuna ugonjwa katika damu yetu.

Nilipomwambia baba, alicheka bila kugeuka. Damu moja, akasema. Akaniambia niandike sentimita nne, jibu linajulikana, tusonge mbele.

Sikuandika. Siku iliyofuata niliingia maabara wakati wa mapumziko, nikatoa springi zote kwenye boksi nikazipanga juu ya meza. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho ni cha kipuuzi kabisa, cha kuonwa na mtoto yeyote. Springi ya kiwandani ina kitanzi cha kutundikia kila upande, cha mviringo na laini. Hizi zilikuwa na kitanzi laini upande mmoja tu. Upande wa pili waya ulikuwa umekunjwa ovyo, na una alama za meno ya plaizi.

Nikamuuliza Mzee Funguo. Akafurahi kwamba hatimaye kuna mtu ameitambua kazi yake. Akasema kwamba mwaka wako watahiniwa walikuwa kumi na wawili na springi zilikuwa sita, na zile zilizoagizwa hazikufika. Basi siku mbili kabla ya mtihani, yeye na baba wakakata kila moja katikati, zikawa kumi na mbili. Akasema baba ndiye aliyempa plaizi kwa mkono wake. Hapa hatushindwi na kitu, akasema, akapiga boksi kofi kama mtu anayesifu ng'ombe.

Wewe umeshaelewa, najua. Nadhani umeshaiweka barua chini. Lakini niandike, ili iwe imeandikwa mahali. Springi ukiikata nusu inakuwa ngumu mara mbili. Ile iliyokuwa inavutika sentimita nne itavutika mbili. Jambo hili liko katika kitabu chetu, na baba mwenyewe ndiye anayelifundisha, tena kwa mfano mzuri sana wa watu wanaovuta kamba. Springi uliyopewa ilikuwa ya hamsini. Uliipima, ukapata hamsini, ukaandika hamsini. Wale kumi na mmoja hawakupima. Boksi lilikuwa mezani kwa mbele, na kila mwenye macho aliiona ile karatasi.

Nilimweleza mama kwanza, kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kuanza na baba. Ilibidi nimfafanulie kwamba siku ya mtihani wa vitendo mwalimu naye anatakiwa kupima kwa vifaa vilevile, aandike jibu lake na kulituma, ili msahihishaji wa mbali ajue vifaa vya shule hii vinatoa nini. Na kwamba baba hakupima, aliandika lile la kwenye boksi. Mama aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. Aliuliza kitu kimoja tu: kwa hiyo mwanangu alipima sawa? Nikasema alipima sawa. Akainuka kwa ule mguu wake mbaya, akafungua sanduku, akatoa shuka, akaenda kulitandika kwenye kitanda chako. Halafu akarudi kushona.

Nilimwendea baba saa kumi alasiri, maabara, wakati wenzangu wameshaondoka. Nilijiambia kwamba amesahau tu. Nilikuwa nimeshamtengenezea na udhuru wote kichwani: mtu ana kazi nyingi, springi hazitoshi, mtihani umekaribia, amekata, ameandika, amesahau. Nilikuwa nimeshaanza hata kumwonea huruma kwa jinsi atakavyoumia akijua. Nikaweka springi moja mbele yake, upande wa plaizi ukimwelekea, sikusema neno. Kama alivyonifundisha, niliuacha ukimya ufanye kazi.

Alivua miwani. Akaigeuza springi, akaitazama. Swali lake la kwanza lilikuwa: nani mwingine ameiona hii?

Kaka, hapo ndipo kitu kilipokatika ndani yangu. Sikutegemea nitakuwa na sauti, lakini ilikuja. Nikamuuliza alikumbuka lini kwamba springi zilikatwa. Akasema hayo yameshapita. Nikauliza tena, alikumbuka lini. Akaanza kunieleza habari za maagizo yasiyofika na ofisi zisizojibu. Nikauliza mara ya tatu, na nadhani kilichomshtua si swali, ni kwamba ni mimi niliyekuwa nauliza.

Akasema alikumbuka ile ile jioni. Uliposema hamsini, yeye alipoweka kikombe chini, ndipo alipokumbuka.

Na jibu lake la mwalimu lilikuwa bado ndani ya mkoba wake, Kaka, karibu na mlango pale ulipokuwa umesimama. Lilikuwa liondoke asubuhi. Alikuwa na muda wa kulifuta na kuandika hamsini. Nikamuuliza kwa nini hakufanya hivyo. Akanijibu vizuri sana, kwa utaratibu, kama anavyojibu swali darasani. Akasema kwamba angeandika hamsini, wale kumi na mmoja wangeanguka, na ingejulikana wazi kwamba wamenakili kwenye boksi, na shule ingefungiwa mtihani. Angeacha ishirini na tano, angeanguka mmoja. Na yule mmoja alikuwa wake. Akasema, ningemwokoa mwanangu nikaangusha watoto wa watu, nani angeniamini tena? Wangesema nimependelea damu yangu.

Nilimwambia sawa. Unaona? Hata hapo nilisema sawa. Lakini nikamuuliza basi ile mizaha ya misumari ilikuwa ya nini. Nikamwambia, kama ilikulazimu kumtoa, kwa nini umcheke kila juma mbele za watu? Alivaa tena miwani yake. Akasema, ningenyamaza, mngeanza kujiuliza.

Halafu akaniomba. Baba yetu, ambaye hajawahi kuniomba hata kijiko, aliniomba nisikuandikie mpaka mpango wa kozi upitishwe. Alisema baada ya hapo atakuja mwenyewe huko uliko, atakuambia kwa mdomo wake. Sijui kama angekuja. Nimelifikiria sana na sijui. Macho yake yalikuwa mekundu, na nilimwamini kwa muda wa kutoka maabara mpaka getini.

Asubuhi yake ndiyo ilikuwa siku ya kupeleka mpango kwa mkuu wa shule, na mimi ndiye niliyeupeleka. Niliuweka mezani pake, nikaweka na springi juu yake, nikamweleza yote kwa pumzi moja. Alinisikiliza vizuri. Akasema muda wa kukata rufaa umepita tangu mwaka jana. Akasema wale kumi na mmoja sasa wako vyuoni, mmoja wao anasomea uhandisi, na kwamba hadhani kama ninataka kuwarudisha. Akafungua mpango, akasoma ukurasa wa kwanza, akasema baba yako ni mwalimu wa kipekee, kazi hii ni nzuri sana, itapita. Akanirudishia springi. Akanikumbusha kwamba nina mtihani wangu mwezi ujao, na akaniambia nikasome.

Kwa hiyo kozi itaendelea. Mpango uliopitishwa ni mzuri kweli, Kaka, na hilo ndilo linalonichoma zaidi. Watoto watakaokuja watashika kitu kabla ya kanuni. Maneno yake yote yako kwa mwandiko wangu.

Sasa nikuambie nilichofanya baada ya kutoka ofisini kwa mkuu. Sikwenda kusoma. Nilikwenda maabara, nikamwomba Mzee Funguo boksi la kijani. Nikaibandua ile karatasi ya kiwandani. Ilikuwa imegandama, ikatoka vipande vipande, nikamalizia kwa kucha. Nikaandika mahali pake, kwa kalamu ya wino mzito: hamsini. Nikalirudisha mezani kwa mbele, upande wa maandishi ukiwaelekea wanafunzi. Wenzangu wakaingia, Bibi Swali akauliza boksi limeongezwa cheo lini. Baba akaingia. Akaliona. Akasimama mbele yake kiasi cha mtu kusoma neno lile mara mbili au tatu, halafu akachukua chaki, akageukia ubao, akaanza somo la umeme.

Hakulifuta. Mpaka leo ninapoandika bado liko pale. Nyumbani mimi naye hatusemezani, ila tunapitishiana chumvi.

Ndani ya bahasha utakuta springi moja imefungwa kwa kitambaa cha flaneli. Huko dukani mna mizani na mawe ya kuaminika kuliko yetu. Itundike kwenye msumari, tundika gramu mia, weka rula pembeni, pima mwenyewe. Usiniamini mimi. Usimwamini mtu yeyote wa nyumba hii.

Mama anakusalimu, anasema shuka analibadilisha kila Jumapili kama vile kuna mtu analilalia. Uwasalimie wote unaofanya nao kazi. Kile kikohozi kikizidi usinywe dawa za kuambiwa na watu, nenda hospitali. Ukiweza kujibu, jibu kwa anwani ya mama.

Mimi mdogo wako,
niliyeendelea kumenya viazi.